Chema Kisichojitembeza

Basi la kusini likisimama Nangurukuru, njia panda ya kuingilia Kilwa, wauza korosho hukimbilia madirishani na abiria hutoa simu zao. Anayetaka hadithi hapo hana haja ya kuitafuta, maana hadithi yenyewe inamtafuta. Inaingia kwenye grupu la WhatsApp ikitanguliwa na picha ya binti aliyejitanda khanga, na jina lake halikosi neno "utamu" au "jini". Inatolewa sehemu ya kwanza hadi ya tano, kisha, mlango unapogongwa usiku wa manane, maandishi yanakatika. Itaendelea. Tuma elfu moja upate zote.

Kwa riziki ya namna hii, limejengeka neno ambalo walimu, wahariri, wazazi na hata baadhi ya waandishi wanalisema bila kulipima: hadithi za bure za mtandaoni ni makapi. Cha maana kina bei, kina jalada, kiko dukani Dar es Salaam. Asiye na nauli ya kukifuata avumilie, au asome alicholetewa. Na methali hupigwa juu yake kama muhuri: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Methali hiyo, kwa jambo hili, ina nusu ya ukweli. Kibaya kinajitembeza kweli, tena kwa bidii, na kila anayekirusha anakipa miguu mipya. Lakini chema kilichowekwa bure mtandaoni hakijiuzi, kwa kuwa hakiuzwi. Wala hakijitembezi. Kimekaa kwenye maktaba za mbali, aghalabu chini ya jina la kigeni, kikingoja mtu akiulizie. Anayeihukumu fasihi ya bure kwa kile kilichomfikia simuni bila kukitafuta anaihukumu bahari ya Kilwa kwa takataka zilizosukumwa ufukweni na maji makuu.

Kilwa, kwanza, ni mahali pabaya pa kusimamia hoja kwamba maandishi ya maana lazima yawe na bei. Tarehe ya masultani wake, ile inayoitwa Kitab al-Sulwa, iliandikwa kwa Kiarabu karne ya 16. João de Barros, mwanahistoria wa Ureno, alikuwa na habari zake katika kitabu alichokitoa mwaka 1552. Nakala ya Kiarabu ikapitia mikononi mwa John Kirk, balozi mdogo wa Uingereza aliyekaa Zanzibar, ikafika London, na Arthur Strong akaichapa mwaka 1895. Ni mwaka uleule ambao Wajerumani walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya, mpinzani wa utawala wao, kwenye mwembe wa Kilwa Kivinje. Karne zote hizo kabla ya mtambo wa Strong, hapakuwa na duka lililouza kitabu kile. Kilidumu kwa sababu mtu alikiazima, akakaa, akakinakili kwa mkono, akampa mwingine.

Na ndani ya habari zile mna kisa ambacho mtunzi yeyote wa leo angekitamani. Mgeni kutoka Shirazi anakitaka kisiwa. Mwenyeji anataja bei yake: nguo ya kukizunguka. Nguo inapatikana. Katika masimulizi ya Kiswahili yaliyochapishwa baadaye, mwenyeji ni jumbe Mrimba, na akishavuka kwenda bara, wageni wanasoma Kurani na kutoa sadaka ili maji ya mkondo yasipwe tena na mwenye nchi asipate njia ya kurudi kwa miguu. Wanahistoria wana yao ya kuchambua hapo. Msomaji wa kawaida anaona mambo mengine: nguo inavyoishia mchangani, na mzee aliyesimama ng'ambo akiangalia maji ambayo jana aliyavuka bila kulowa magoti. Masimulizi hayo ya Kiswahili yamo katika kitabu cha Carl Velten cha mwaka 1907, na humo humo mna habari za Lindi, Sudi na Mikindani. Kitabu hicho kimekwisha kupigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kuwekwa Internet Archive. Hakiulizi namba ya M-Pesa.

Kwa nini basi mwanafunzi wa Lindi hakioni? Kwa sababu anaandika "hadithi nzuri za Kiswahili" kwenye kisanduku cha kutafutia, na kitabu kinaitwa Prosa und Poesie der Suaheli. Velten alikuwa mkalimani wa serikali ya Kijerumani huku pwani, kisha akafundisha Kiswahili Berlin. Mengi aliyoyakusanya aliyapa majina ya Kijerumani, na watunza maktaba wa Ulaya wakayaingiza kwenye daftari zao kwa majina hayohayo. Mwaka 1898 alitoa mkusanyiko wa hadithi, Märchen und Erzählungen der Suaheli. Mwaka 1901 akatoa Safari za Wasuaheli, na humo mna Selim bin Abakari, aliyefuatana na bwana wake Mjerumani hadi Urusi na Siberia mwaka 1896, akasimulia kwa Kiswahili chake mwenyewe aliyoyaona. Maandishi ni ya Kiswahili, ila kufuli ni ya Kijerumani. Anayejua kuandika "Suaheli" badala ya "Kiswahili" ameshika ufunguo, na ufunguo huo hauna gharama. Ila mpaka leo darasa la fasihi linaloutoa ni la kubahatisha.

Hapa ndipo kosa la wenye kudharau linapoonekana. Wanachanganya mambo mawili: kukosekana kwa kitu, na kukosekana kwa mtu wa kukielekeza.

Mfano mmoja unatosha kukaa nao kidogo. Edward Steere alifika Zanzibar mwaka 1864 na misheni ya Kianglikana, akakaa na wasimulizi wa Kiunguja, akaandika walivyosema. Kitabu chake, Swahili Tales, kilitoka London mwaka 1870, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Nacho kiko bure. Ndani yake mna kisa cha Sultani Darai. Masikini mmoja kazi yake ni kuchakura jaani kama kuku, apate chembe za mtama. Siku moja anaokota thumuni. Anapita muuza paa na tundu lake, na masikini, watu wakimcheka, anatoa thumuni yake yote akanunua paa mmoja. Paa anasema. Paa anamtengenezea bwana wake jina, nguo, mke wa kisultani, na nyumba ya joka alilolikata vichwa. Kisha paa anaugua, na bwana, ambaye sasa ana ghala, anaagiza apikiwe uji wa mtama mbaya. Hata kumtazama hataki. Mke anaona haya, bibi kizee analia, lakini bwana anasema yule ni mnyama wa thumuni tu. Paa anafariki, anatupwa kisimani, mji mzima unamlilia. Usiku ule bwana analala kitandani kwa mkewe, na kunapokucha anajikuta jaani, mikono vumbini, anachakura.

Hadithi hiyo ilisimuliwa bure, ikaandikwa kwa ajili ya wanaojifunza lugha, na inasomwa bure hadi leo. Mjengo wake ni imara kuliko riwaya nyingi zenye jalada la kung'aa: thumuni ya mwanzo ndiyo inayorudi mwishoni kumhukumu mtu, na msimulizi hasemi neno moja la mafunzo. Mwalimu anayewaambia vijana wa Kilwa Masoko kwamba mtandaoni hamna kitu angeanza na kisa hiki, kipindi kimoja tu, halafu aone kama atalirudia neno lake.

Wapinzani wana hoja ya pili, nayo ina uzito zaidi. Wanasema: hayo ni ya kale, hadithi mpya za bure ni ngono na uchawi, zimejaa makosa ya tahajia, na zinaharibu vijana. Kwamba zipo za hivyo, hakuna wa kubisha. Ila hukumu hii si mpya, na iliwahi kukosea. Elvis Musiba alipotoa Kufa na Kupona mwaka 1974, na baadaye Ben Mtobwa na majasusi wake wa Dar es Salaam usiku, wasomi waliviita vitabu hivyo vya kupotezea wakati. Leo vinaitwa fasihi pendwa, vinaandikiwa tasnifu, na wazee waliovisoma chini ya dawati wanakiri kwamba ndivyo vilivyowafundisha kumaliza kitabu. Eric Shigongo naye aliwazoesha wasomaji wa magazeti ya mitaani kungoja toleo lijalo. Neno "itaendelea" alilipa heshima yake muda mrefu kabla ya magrupu ya simu. Kukatisha hadithi penye mashaka ni ufundi halali. Kibaya ni kukatisha mahali ambapo hapakuwa na hadithi.

Tena si kweli kwamba vipya vyote vya bure ni vya namna hiyo. Machi 2016, kundi la waandishi wa Afrika liitwalo Jalada, lenye makao Nairobi, lilitoa hadithi fupi ya Ngũgĩ wa Thiong'o kuhusu sababu ya binadamu kutembea wima, iliyoandikwa kwa Kikikuyu, pamoja na tafsiri zake katika lugha zaidi ya 30 kwa mkupuo mmoja. Kiswahili ni mojawapo. Huyo ni mwandishi ambaye vitabu vyake vinasomeshwa duniani kote, na hadithi ile haikuwa na bei. Kwa watoto, mradi wa African Storybook ulioanzishwa Afrika Kusini mwaka 2014 una vitabu vya picha vya Kiswahili vyenye leseni inayomruhusu mtu yeyote kuvisoma, kuvichapa na hata kuvitafsiri. Mwalimu wa Liwale anaweza kuvigeuza Kingindo bila kuomba ruhusa ya mtu. Kwa anayependa kusikiliza kuliko kusoma, Deutsche Welle ilianza mwaka 2008 kutoa michezo ya redio ya Noa Bongo! Jenga Maisha Yako, yenye wahusika, migogoro na Kiswahili kinachosikika kama cha watu. Si kila kipande ni cha kusifiwa. Baadhi ya vitabu vya watoto vimetafsiriwa kwa haraka, na inaonekana. Ila anayesema "hakuna" hajafungua.

Kuna sababu nyingine ya mazuri kupotea machoni, na hii haikusababishwa na wasomaji. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye tovuti yake Tanzania akate leseni, na gharama za mwaka wa kwanza zilipita shilingi milioni 2. Ada zilipunguzwa miaka iliyofuata. Lakini mtunzi wa hadithi za bure, asiyeingiza hata senti, angetoa wapi fedha zile? Baadhi walifunga kurasa zao. Hadithi zikahamia kwenye magrupu yaliyofungwa, ambako mtambo wa kutafutia hauingii, na ambako kilicho kizuri kinasomwa na watu 200 kisha kinazama chini ya salamu za Ijumaa. Anayelaumu ubora wa hadithi za mtandaoni bila kuitaja milioni 2 ile anamlaumu mvuvi kwa kurudi mtupu huku amenyang'anywa wavu.

Yapo pia maneno ya huruma, yanayosemwa kwa upole lakini yanafunga mlango uleule: watu wa kusini hawana bando, waachwe na shida zao. Hesabu inakataa. Hadithi ya maneno 2,000 kwa maandishi matupu ina uzito wa kilobaiti 15 hivi. Riwaya nzima ya maneno 60,000 haifiki nusu ya megabaiti. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya kisasa ina uzito mara kadhaa ya riwaya hiyo, na video ya harusi inayozunguka Kivinje leo asubuhi ingebeba rafu nzima ya vitabu. Anayeweza kupokea video ile anaweza kupokea maktaba.

Mei 2024 ilionyesha jambo hili kwa pande zote mbili. Mvua na kimbunga Hidaya vilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi maeneo ya Somanga, wilaya ya Kilwa. Malori yakalala foleni, na kama kulikuwa na katoni la vitabu humo, lililala pia. Siku chache baadaye, tarehe 12, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zikapata hitilafu na intaneti ikayumba nchi nzima. Mtu anaweza kusema: unaona, hata huo mtandao si wa kutegemea. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kupakua na kuhifadhi. Faili lililokwisha kuingia kwenye simu halijali barabara wala waya. Linarushwa kutoka simu hadi simu kwa Bluetooth, bila bando, watu wawili wakiwa wamekaa kwenye benchi moja wakingoja boti ya Kisiwani. Mtu anakiazima, anakinakili, anampa mwingine: desturi ni ileile iliyoifikisha Kitab al-Sulwa hadi mikononi mwa Kirk.

Imebaki hoja yenye uchungu, ya waandishi. Wanauliza: mkisifia bure, sisi tule nini? Swali hili halipaswi kujibiwa kwa mkato, maana kuna bure mbili, na moja ni wizi. Kitabu cha Kezilahabi au cha Mtobwa kinachozunguka magrupuni kikiwa kimepigwa picha kwa simu, kidole cha mpiga picha kikionekana pembeni mwa ukurasa, kimeibwa. Kezilahabi alifariki Januari 2020, Mtobwa mwaka 2008. Warithi wao wana haki. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 iliweka ulinzi wa maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Anayesambaza vitabu hivyo kwa jina la kupenda fasihi anamkata mkono anayemlisha.

Bure ya pili ni ya haki: kazi ambazo wenyewe wamezitoa, kama Jalada na African Storybook, na kazi ambazo muda wake wa ulinzi umekwisha, kama za Steere na Velten. Hizi hazimnyang'anyi mtunzi yeyote aliye hai tonge lake. Kinyume chake, ndizo zinazomtengenezea wasomaji. Kijana aliyekolewa na kisa cha paa ndiye atakayeulizia riwaya mpya siku akipata nauli. Aliyelishwa sehemu tano za jini na binti wa khanga atachoka mapema na kusema hadithi hazimpendezi.

Tena sheria hiyohiyo ya hakimiliki inafungua swali ambalo wachapishaji hawalipendi. Shaaban Robert alifariki Juni 1962. Kwa hesabu ya maisha na miaka 50, ulinzi wa vitabu alivyovichapa akiwa hai, Kusadikika cha mwaka 1951 na Adili na Nduguze cha mwaka 1952 vikiwamo, ulifika ukingoni mwisho wa mwaka 2012. Ikiwa hesabu hiyo ni sahihi, na wanasheria waseme waziwazi kama wanayo nyingine, basi nakala safi, iliyosahihishwa, yenye kuheshimu maandishi ya mzee, ingestahili kuwa kwenye simu ya kila mwanafunzi wa sekondari tangu mwaka 2013. Kazi hiyo ni ya vyuo vikuu na taasisi za Kiswahili, si ya wapiga picha wa magrupuni.

Na pwani hii ina madai yake maalumu. Ebrahim Hussein, mwandishi wa tamthilia ya Kinjeketile iliyochapwa mwaka 1969, alizaliwa Kilwa mwaka 1943. Milima ya Umatumbi, ambako Maji Maji, vita anavyovisimulia humo, vililipuka mwaka 1905, iko nyuma ya Kivinje. Tamthilia ya Hussein ina mwenyewe na inapaswa kununuliwa. Utenzi wa mganga Nguvumali, aliyevuma huku kusini, uliotungwa na Hasani bin Ismail, ulichapwa Oxford mwaka 1968 na Peter Lienhardt, na ukabaki kwenye rafu za vyuo vya Ulaya. Kabla yao wote, Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alivitungia vita vya Maji Maji utenzi, akiwa na kumbukumbu mbichi za waliopigwa na waliopiga. Ulichapwa Berlin mwaka 1933, kisha Afrika Mashariki mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya Whiteley. Ni masimulizi ya vita yenye mwendo, hofu na majina ya mahali ambayo mtoto wa Lindi anayapita akienda shule.

Mtunzi yule hakuandika kwa ajili ya soko. Utenzi wake ukichapwa upya kwa maandishi matupu, faili lake litakuwa dogo kuliko ile picha ya binti wa khanga inayofika Nangurukuru kabla ya sehemu ya kwanza.